Mikato Niliyoichoma kwa Rayo ya Baiskeli

Wakwe zangu hawakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikuwapenda. Ninaandika hivyo mwanzoni ili mutu asisome akitafuta upole. Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya watoto waliokufa wakinyonya, lakini sitaandika hata moja. Wakisoma watajijua wenyewe.

Nilisoma pirimeri miaka mitatu tu. Mengine nilisomea nyumbani kwa papa yangu, upande wa Rutshuru. Alikuwa mulimaji na alikuwa muchonga pinde. Alichonga kwa kujificha, sababu kukutwa na upinde karibu na pori ilikuwa jela, hata kama hujaua hata sungura. Lakini watu walikuja toka mbali kumutafuta, na wengi wao hawakuwa wawindaji. Kwetu, mwanaume hakuitwa mwenye nyumba bila upinde. Ulitundikwa kwa ndani, juu ya mulango. Mwanaume akiacha watoto wanaume, wa kwanza aliurithi. Akikosa mutoto mwanaume, yeye mwenyewe akiwa hai alichagua mutu wa kumukabidhi, na aliyekabidhiwa upinde ndiye aliyechukua ardhi. Mwanamuke hakuugusa. Hakuuruka ukiwa chini. Mujane ndiyo kabisa: mpaka siku ya kumaliza matanga, hata kuufuta vumbi lilikuwa kosa.

Kuchonga upinde ni kazi ya subira. Muti unapasuliwa, unapunguzwa kidogo kidogo kwa panga na kisu, unakaa juu ya moshi wa jiko miezi, unafundishwa kupinda. Halafu mwishoni inabaki kazi ndogo ambayo inaweza kuua kazi yote ya nyuma: mikato ya kamba. Kila ncha ya upinde inakatwa kwa mushazari, kushoto na kuume, kama vidole viwili toka mwisho, ili kitanzi cha kamba kishike pale kisiteleze. Ukikata sana, ncha inapasuka siku ya kuvuta. Ukikata kidogo, kamba inaruka na kukupiga usoni. Na mugongo wa upinde, ule upande unaotazama mbele wakati wa kulenga, usiuguse na chuma, sababu nguvu yote ya muti inapita pale.

Papa alikata kwa kisu kidogo chenye ncha iliyoliwa na kunolewa. Mikato yake ilikuwa na chini kali, kama alama ya kisu kwenye muhogo. Ilipendeza kwa macho. Lakini chini kali inakula kamba, hata kamba nzuri ya mushipa wa ng'ombe, na wateja wake walirudi kila musimu wa mvua kutafuta kamba mupya. Yeye alisema ndiyo dunia, hakuna kamba isiyokatika.

Nilipoposwa, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Desturi ilimutaka ampe mukwe wake upinde, na upinde aliuchonga vizuri kwa vidole, bila kuona. Kwenye mikato alishindwa. Alipasua ncha ya kwanza, akaanza upinde mwingine, akapasua tena. Wa tatu alikuja nao jikoni muchana mama yangu akiwa shambani, akafunga mulango, akauweka juu ya magoti yangu. Nilinyanyua mikono juu kama mutu aliyewekewa nyoka.

Aliniambia: «Macho yangu yamekufa, ya kwako yanaona. Fanya. Na hata mama yako asijue.»

Kisu nilikiogopa, nilikuwa nimeona kilivyoharibu zile mbili. Nikachukua rayo ya baiskeli, ule waya unaoshika gurudumu, nikaiweka kwenye makala, mukaa wa jiko, mpaka ikawa nyekundu. Nilichora alama kwa makala, nikaichoma, nikasugua mbele na nyuma, nikairudisha motoni, nikasugua tena. Mukato ukatoka na chini ya muviringo, mweusi, laini kama ndani ya sikio. Nikamalizia kwa kamba mbichi niliyoipaka muchanga. Kazi hiyo ilinichukua muchana mzima kwa ncha mbili. Papa aliingiza ukucha wa kidole gumba, akapitisha, akarudisha. Hakunisifu. Alisema tu kwamba hii haitakula kamba, halafu akasema: «Hukuugusa upinde huu.»

Hivyo nikaolewa na upinde wangu mwenyewe, na mume wangu akafa bila kujua.

Tuliishi Goma. Mume wangu alikuwa masoni, mujenzi wa nyumba, na tulinunua kiwanja, parseli yetu, katika kartie ya pembeni ya muji ambayo wakati ule ilikuwa migomba tu. Upinde ulikaa juu ya mulango. Mwaka wa kwanza na wa pili alikuwa akienda nao porini na baba yake mukubwa, yule muzee aliyekuwa anaongoza ukoo wao. Muzee huyo kamba zake zilikatika kila mwaka, ya mume wangu haikukatika. Muzee alikuwa akija kwetu, anainua macho kutazama ile kamba juu ya mulango, anatikisa kichwa na kumutania: «Wewe ulioa binti wa fundi ama ulimuoa fundi mwenyewe?» Kila mutu alicheka. Mimi nilikwenda kutazama maharagi jikoni.

Nikazaa binti, nikazaa binti, nikazaa binti. Wa nne akafia tumboni na tumbo likafunga. Hapo ndipo wakwe zangu walipopata nyimbo. Mudogo wa mume wangu, shemeji yangu, ndiye alikuwa mubaya zaidi. Kila alipokuja Goma toka Rutshuru, Jumapili baada ya misa alikula kwetu, anawatazama watoto wangu wakipanga sahani, anauliza kaka yake kama amefungua shule ya masista. Mama mukwe wangu alikuwa anasema mbele yangu kwamba shamba ni zuri lakini mbegu inaoza, na anaongeza ugali.

Rebelio, uasi wa wenye bunduki, ikaja, ikachukua muji. Barabara zikafungwa, dawa zikapotea, na mume wangu akaanza kukohoa. Shemeji alifaulu kupita, akaja hospitali mara mbili tu. Mara zote mbili nilikuwepo, nimekaa chini kwenye simenti karibu na kitanda, na nilisikia walichosema. Waliongea habari ya ng'ombe ya mama yao. Mume wangu akafa bila kusema neno juu ya upinde wala juu ya parseli. Tulimuzika. Siku ya kumaliza matanga ikasogezwa mbele, sababu watu wa Rutshuru hawakuweza kupita barabarani.

Kabla haijafika, volkano ikashuka.

Udongo ulikuwa umetetemeka, halafu asubuhi watu wakaanza kukimbia wakisema moto uko kwenye avenyi ya juu. Binti zangu walibeba godoro, sufuria na gunia la nguo. Mimi karatasi za parseli niliziingiza ndani ya blauzi. Tulipofika mulangoni, binti yangu wa kwanza akanyoosha kidole juu akasema, «Mama, upinde wa papa.» Nikainua mukono. Nikaushusha. Mujane, matanga hayajaisha. Mimi niliyeuchoma kwa mukono huuhuu niliogopa kuugusa. Niliwasukuma watoto wakatoka, na nilipogeuka toka barabarani, nyumba yetu ilikuwa imepinda bati zake kama karatasi. Tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na watu wote.

Tuliporudi, kartie haikuwepo. Kulikuwa na jiwe jeusi toka huku mpaka huku, bado lina joto chini ya sandale. Parseli yangu niliijua kwa bati moja lililosimama katika jiwe, na kwa tanki la maji la jirani. Tukavunja mawe, tukasawazisha, tukajenga nyumba ya mbao juu ya nyumba ileile. Kila mutu alifanya hivyo. Watu walipigana kwa ajili ya mita moja ya mawe.

Ndipo wakwe wakaja kumaliza matanga. Ilikuwa muchana, jua kali, na watu walikaa juu ya mawe sababu viti nilikuwa na viwili. Nilipika maharagi na ndizi kwenye mbabula, jiko la makala, nje, na nilikuwa nimetengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, dumu mbili. Mimi nilikaa chini kwenye mukeka kama mujane anavyokaa. Walianza kwa kunishambulia: nilikimbia na sufuria, nikaacha upinde wa mutoto wao uungue. Mama mukwe aliuliza kama sufuria ile ndiyo itanizalia. Walikuwa na haki ya kukasirika, na nilijua wakimaliza kukasirika watakunywa.

Shemeji yangu akasimama. Alikuwa na kitu kirefu kimefungwa ndani ya kitambaa cha kikwembe. Akakifungua polepole, na ndani mulikuwa na upinde.

Alisema kaka yake alimukabidhi alipokuwa mugonjwa, kwa siri, sababu hakuamini nyumba ya wanawake. Alisema upinde haukuungua, upinde ni huu. Alisema hakutaka kuongea mapema kwa heshima ya musiba. Halafu akanigeukia, na sauti ikawa tamu: «Shemeji, hakuna anayekufukuza leo. Mabinti wataolewa, wewe utarudi kwenu. Mpaka musimu wa kupanda, si muda wa kutosha?»

Kwetu papa yangu alikuwa amekufa, na katika shamba lake walikaa watu wenye bunduki. Shemeji alijua hivyo.

Upinde ulipita mikononi mwa wanaume. Muzee, yule baba mukubwa, aliutazama kwa muda murefu. Akapima unene wake kwa vidole, akaupinda kidogo juu ya goti. Akasema: «Hii ni kazi ya mukwe wetu, fundi. Hakuna mwingine aliyechonga hivi.» Na alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeujua toka mbali, ule ubavu mwembamba, kile kifua cha kushikia. Ulikuwa upinde wa papa yangu. Papa alichonga pinde nyingi, na wenye pinde nyingi walikuwa wamekufa katika vita hivyo. Kuokota mumoja haikuwa kazi.

Sasa nyuso zote zikanigeukia. Kama upinde uko hapa, basi mujane alidanganya kuhusu moto. Mutu mumoja akasema mujane anayedanganya juu ya upinde anaweza kudanganya hata juu ya kifo. Binti zangu walikuwa wamesimama kwenye mulango wa mbao, wakubwa wawili wamemushika mudogo. Wao waliuona juu ya mulango siku ya moto, lakini hakuna aliyewauliza; wakaniangalia.

Shemeji akauchukua upinde wake, akapita mbele yangu akiushika wima, ili nione vizuri. Kwa kuwa mimi nilikuwa chini, ncha ya chini ilipita mbele ya macho yangu. Mukato ulikuwa mwembamba, mweupe, na chini kali. Kisu.

Nikinyamaza, parseli imekwenda. Nikisema, ninajifichua mimi mwenyewe na papa yangu aliye kaburini: upinde wa mume wangu, aliotundika miaka yote juu ya vichwa vya watoto wake, ulitengenezwa na mukono wa mwanamuke. Tena wataamua nini, sikujua. Nilisema hata hivyo.

«Muzee, upinde huo si wa mume wangu. Huo ulikatwa kwa kisu. Wa mume wangu mikato yake ilichomwa kwa rayo ya baiskeli.»

Shemeji alicheka, akauliza wanawake wanajua nini kuhusu mikato.

«Ninajua sababu niliichoma mimi.»

Muzee hakukasirika upesi. Aliuliza papa yangu alikuwa wapi wakati huo, nikamwambia alikuwa ameketi pale, kipofu. Aliuliza kama mutoto wao, mume wangu, alijua. Nikasema hakujua. Kisha akaagiza baiskeli ya jirani iletwe. Waling'oa rayo moja, mwenye baiskeli akilalamika, na muzee akanitupia kipande cha kuni na kusema nionyeshe.

Nilifanya mbele yao wote. Niliweka rayo ndani ya makala ya mbabula niliyopikia chakula chao, nikakaa na kungoja iwe nyekundu, na nikachoma mukato kwenye ile kuni kwa mushazari, nikasugua, nikarudisha, nikasugua. Miaka mingi ilikuwa imepita na mukono haukusahau. Moshi uliingia machoni mwa wanaume waliokaa upande wa upepo na hakuna aliyesogea. Mama mukwe aligeuza uso, akatazama ukuta wa jirani mpaka mwisho.

Muzee akaichukua kuni. Akaingiza ukucha wake chini ya mukato wangu, akapitisha, akarudisha, kama papa yangu alivyofanya. Halafu akaingiza ukucha katika mukato wa upinde wa shemeji. Akasema kwa sauti ndogo, karibu kwa nafsi yake, kwamba ndiyo sababu kamba ya mutoto wake haikukatika kamwe, na yeye alifikiri ni bahati. Akamugeukia shemeji na kumuuliza upinde huu ameutoa wapi.

Shemeji alikuwa na kitu kingine cha kusema, na alikisema akiwatazama watu, si mimi: «Mumesikia kwa mudomo wake. Aliweka mikono juu ya upinde wa kaka yangu kabla hata hajaingia kwake. Munatafuta sababu gani tena alizaa mabinti tu?»

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia zamani, kila nilipojifungua na mukunga akanyamaza kidogo kabla ya kuniambia. Nilijiambia mimi mwenyewe kabla yake, na kwa ukali kumuzidi. Hata leo ninapoandika, na wajukuu wanaosoma biolojia wanacheka, sijui kuyaondoa yote kichwani.

Muzee alisimama kwa fimbo yake. Aliongea taratibu kama mutu anayekata kitu kigumu. Alisema upinde huu si wa marehemu, na aliyeuleta anajua. Alisema ule ulioungua nao haukuwa upinde, sababu mwanamuke aliumaliza, kwa hiyo mutoto wao aliishi na kufa bila upinde. Hakuna kitu kilichokabidhiwa kwa mutu yeyote. Parseli ibaki kwa walio ndani yake. Akaongeza: «Lakini hapa sisi hatunywi.»

Wakaondoka mumoja mumoja wakiruka mawe, na kasiksi ikabaki dumu mbili nzima, na chakula. Kwetu kuacha pombe ya matanga bila kuionja ni kusema huko hatujui mutu. Mama mukwe alitema mate, si juu yangu, juu ya jiwe langu. Shemeji alikuwa wa mwisho, alikuwa anautafuta upinde wake, na muzee alikuwa ameuvunja kwa goti na kuuweka kwenye mbabula.

Tangu siku ile hawakukanyaga. Binti zangu waliolewa wote watatu bila ukoo wa baba yao kuja kukaa kwenye viti. Familia za wakwe zao ziliuliza wazee wako wapi, nikasema wazee ni mimi. Wengine walikubali, familia moja ilirudi na mbuzi wake nyumbani na kufikiri wiki mbili kabla ya kurudi tena. Muzee alipokufa hawakunitumia habari. Nilisikia sokoni, toka kwa muuza samaki.

Miaka ikapita, na rebelio nyingine ikatoka upande wa Rutshuru. Watu wakajaa Kanyaruchinya, nje kidogo ya muji, chini ya mashitingi, maturubai ya plastiki, mvua ikiwanyeshea, na kila nyumba ya Goma ilikuwa na wageni wake. Asubuhi moja nilikuwa nachagua maharagi mbele ya nyumba, nikaona watu wamesimama mwanzoni mwa parseli. Muzee mumoja mwenye godoro kichwani, bibi yake, binti yao mukubwa na watoto wadogo watano. Nilimujua shemeji kwa namna alivyosimama, kabla ya kuona uso. Alikuwa amekonda, na mikono ya koti ilimufika vidoleni.

Alingoja niongee kwanza. Binti yangu wa mwisho, ambaye siku ile alikuwa ametutembelea, alitaka kumupokea muzigo, nikamushika kikwembe akakaa. Nilimaliza yale maharagi yaliyokuwa kwenye sinia. Watoto wale walikuwa wanatetemeka. Bibi yake alikuwa ananitazama bila kufumba macho, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Mungu.

Mwishoni shemeji alisema: «Mimi bado ninasema wewe uliharibu nyumba ya kaka yangu.»

«Ninajua,» nikamujibu. «Shitingi lako weka upande ule, mawe yamelala vizuri. Choo iko nyuma. Watoto waingie ndani.»

Nilimupa mahali. Kiti sikumupa. Aliweka godoro chini, akatoa vigingi vyake na nyundo, akaanza kupigilia. Mutu wa Rutshuru, wa udongo, hakujua kwamba hapa Goma kigingi hakiingii, jiwe la volkano linakirudisha. Nilimutazama akipiga. Kilivunjika cha kwanza, kikavunjika cha pili. Alipovunja cha tatu, akabaki ameinama na kile kipande mukononi, nikamwambia binti yangu amupelekee mawe makubwa, amuonyeshe namna ya kufungia kamba.